“Si mawe tu hayo?”: kuhusu daraja la zamani lisilo na jina

Msomaji mmoja ameniandikia, nami namfupisha: “Karibu na kwetu kuna daraja la mawe lenye matao mawili, linalovusha barabara ya mashambani juu ya mto mdogo. Linapitisha gari moja moja. Wahusika wa barabara wanataka kulibomoa wajenge la zege lenye njia mbili. Nilipotaja urithi niliulizwa: nani alilijenga? Mwaka gani? Mtu gani mashuhuri aliwahi kulipita? Sikuwa na jibu. Kisha nikaonyeshwa ufa chini ya tao, umenyooka kama uzi kutoka nguzo hadi nguzo, nikanyamaza. Mwalimu, lina thamani yoyote, au mimi ndiye ninayeng’ang’ania mawe tu?”

Ndugu yangu, maswali uliyoulizwa yanafaa kupimia mnara wa ukumbusho. Mnara hujengwa ili jina la mtu lisisahaulike. Daraja la mashambani hujengwa ili watu wavuke, na fundi aliyelijenga mara nyingi alilipwa, akakusanya tindo na miiko yake, akaenda kazi nyingine. Kukosekana kwa jina lake hakupunguzi kitu. Kunakulazimu tu utafute ushahidi kwingine: ulichokikosa kwenye karatasi, kitafute kwenye mawe. Mimi ninavyoona, hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya daraja kama lako. Limeandikwa kuanzia chini hadi juu na watu ambao hawakuacha maandishi mengine yoyote, na mpaka leo linavusha watu. Lakini halisomeki kwa kusimama barabarani.

Picha zote tano ulizonitumia umezipiga ukiwa juu. Nimeona kingo, nimeona miti, nimeona mto kwa mbali. Shuka chini. Ngoja maji yapungue, vaa viatu usivyovionea huruma, chukua tochi, na usiende peke yako.

Ukishafika chini ya tao, usimulike mawe usoni. Ilaze tochi karibu na jiwe ili mwanga uparuze uso wake, na alama za tindo zitainuka kama mistari ya daftari. Kuna jiwe utakuta mistari mifupi iliyopangwa kwa subira, na la jirani yake lina mapigo marefu ya haraka, kama mtu aliyekuwa anakimbizana na mvua. Hiyo ni mikono miwili tofauti. Ukikuta alama ndogo iliyochongwa peke yake, mshale, msalaba au herufi moja, inaweza kuwa ya mchongaji: palipokuwa na utaratibu wa kulipa kwa idadi ya mawe, kila mmoja alitia alama yake ili asipunjwe siku ya hesabu.

Halafu tazama pale tao linapoanza kupinda, juu kidogo ya nguzo. Mara nyingi utaona safu ya matundu ya mraba, au mawe machache yaliyochomoza ukutani bila sababu inayoonekana. Hapo ndipo kilipokalia kiunzi cha mbao. Tao la mawe haliwezi kujishikilia mpaka jiwe la mwisho liingie, na kabla ya hapo uzito wote uko juu ya mbao. Usiku wa kuamkia siku ya kuziondoa, nadhani, hakuna fundi aliyepata usingizi. Pima nafasi kati ya matundu kwenye tao la kwanza, kisha kwenye la pili. Zikilingana, huenda kiunzi kilekile kilihamishwa, maana mbao nzuri zilikuwa ghali na mjenzi alizihesabu. Umeshajua jambo moja kuhusu mtu ambaye ulidhani hajulikani.

(Watu hupenda kusema jiwe la kileleni ndilo linaloshikilia tao lote. Ni maneno ya kupendeza. Lile ni la mwisho kuingia, basi. Kazi yake ni sawa na ya jiwe lolote lililo kushoto au kulia kwake.)

Sasa tuje kwenye ule ufa, maana ndio ulionifanya nikujibu kwa urefu.

Madaraja mengi ya zamani ambayo bado yanatumika yalipanuliwa njiani. Yalianza kwa wanyama wa mizigo, yakiwa membamba na yenye kingo fupi ili matandiko na magunia yapite bila kugonga. Ikaja mikokoteni, yakaja magari, na kila mara fundi mwingine akaongeza ubavu. Alipoongeza, ilikuwa vigumu kuyafunganisha mawe yake na yale ya zamani, kwa hiyo aliyasimamisha kando kwa kando. Matokeo yake ni mstari ulionyooka chini ya tao, sambamba na barabara, kutoka nguzo hadi nguzo. Mtu asiyeuzoea huuita ufa.

Niliwahi kuingia chini ya daraja ambalo kwenye orodha liliandikwa “tao moja, la kawaida”, nikatoka na madaraja matatu. La katikati lilikuwa jembamba kiasi kwamba ningenyoosha mikono ningegusa kingo zake mbili za zamani, na mawe yake yalichongwa uso mmoja tu, mengine yote yakaachwa kama yalivyotoka mtoni. Ubavu wa upande mmoja ulikuwa wa mawe yaliyonyooshwa vizuri. Ubavu wa upande wa pili ulikuwa wa mawe mekundu ambayo mto ule hauna hata moja. Mtu aliyasafirisha. Maana yake wakati huo barabara ilikuwa nzuri kiasi cha kubeba mawe kutoka mbali, na palikuwa na mtu aliyeona safari hiyo inalipa. Hakuna karatasi iliyokuwa imetaja habari hizo.

Kwa hiyo kabla hujakubali kwamba daraja lako limepasuka, kauchunguze mstari huo. Kama ni kiungo cha upanuzi, haukati jiwe hata moja. Unapita pembeni ya mawe yote, na huku na huku utaona tofauti ya rangi, ya ukubwa au ya alama za tindo. Kama ni ufa wa kweli, utaruka kutoka kiungo hadi kiungo na mahali fulani utakuta jiwe limegawanyika, pande zake mbili zikifanana kama maandazi yaliyokatwa. Na uwe mwangalifu na ufa ulio karibu na ukingo, umbali wa takriban unene wa ukuta wa ubavu. Huo unatokea kifusi cha ndani, yaani udongo na mawe yaliyojazwa juu ya tao, kinapousukuma ukuta nje, na hapo mhandisi ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Hata ukiwa ufa wa kweli, bado si hukumu. Zege lenye nondo likipasuka tunauliza nini kimeharibika. Tao la mawe lina tabia nyingine. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alilieleza jambo hili mwaka 1675: umbo la mnyororo unaoning’inia, ukiligeuza juu chini, ndilo umbo la tao linalosimama. Maadamu mstari wa msukumo, yaani njia ambayo uzito unaifuata kushuka hadi chini, unapita ndani ya unene wa mawe, tao halina habari. Katika miaka ya 1960 mhandisi Jacques Heyman wa Uingereza aliliweka sawa kwa hesabu za kisasa. Vitako, yaani kuta za kando zinazobeba ncha za tao, vikisogea kidogo, tao hufunguka mahali fulani na kujipanga upya kwenye bawaba tatu, sehemu zinazojikunja kama bawaba za mlango, na bawaba tatu hazitoshi kuliangusha. Inahitajika ya nne. Madaraja mengi yamekaa na nyufa zao vizazi kadhaa bila kusogea tena. La kuuliza ni kama ufa unatembea, na hilo hulijui kwa kuutazama mara moja. Unabandika kipande cha kioo chembamba juu yake, unaandika tarehe, unarudi. Kioo kikivunjika, unatembea.

Watakuambia pia kuhusu malori. Hapa kuna hesabu ndogo unayoweza kuwapa. Chukua tao lenye upana wa mita 6 kutoka nguzo hadi nguzo, barabara ya mita 4, pete ya mawe yanayounda tao yenye unene wa sentimeta 45, kifusi cha wastani wa mita 1 na kingo mbili. Uzito wake peke yake unakaribia tani 80. Lori la tani 10 likipita juu yake, limeongeza sehemu moja kati ya nane. Uzito wa daraja lenyewe ndio unaolibana na kulikaza, kwa hiyo mzigo wa kawaida haulishtui kama unavyolishtua daraja jepesi. Lakini usiitumie hesabu hii kudai kwamba linabeba chochote. Tao linachukia zaidi mzigo mzito ulio robo ya njia, upande mmoja, na linachukia kifusi chembamba kileleni, maana hapo gurudumu linakuwa karibu kugusa mawe. Hayo hupimwa na mhandisi anayeyajua matao. Omba apimwe kwanza yeye: muulize amewahi kukagua mangapi. Wengi tuliosoma karibuni tumefundishwa zege na chuma, na mtu hushauri anachokijua.

Na kifusi hicho kisidharauliwe. Wengine hukiona kama takataka zilizofukiwa ndani. Kule Wales, William Edwards alijaribu mara kadhaa kuvuka mto Taff kwa tao moja pale Pontypridd. Katika jaribio mojawapo uzito wa pande mbili za tao ulizidi ule wa kileleni, pande zikakandamiza, kilele kikaruka juu. Mwaka 1756 alifanikiwa, tao la futi 140, kwa kuacha matundu makubwa ya duara mbavuni ili kupunguza uzito wa pande. Karne kumi na moja kabla yake, mjenzi wa China aitwaye Li Chun alikuwa amekwisha kuweka matao madogo mbavuni kwenye daraja la Anji. Ninachotaka ukione ni kwamba mjenzi alipima kifusi kama alivyopima mawe. Atakayesema “tutakichota chote tuweke zege, juu patabaki vilevile”, mwambie anabadilisha daraja, na akikichota upande mmoja kwanza anaweza kuliangusha siku hiyohiyo.

Adui mkubwa, ndugu yangu, ni maji, na yana njia mbili.

Ya kwanza ni chini. Mto wakati wa mafuriko huchimba mchanga na changarawe kwenye miguu ya nguzo, kisha maji yakitulia shimo hujaa tope jepesi na kila kitu kinaonekana salama. Hii ndiyo sababu inayoangusha madaraja mengi zaidi ya mitoni kuliko nyingine yoyote. Kwenye kijiji cha Pooley Bridge, Uingereza, daraja la mawe la mwaka 1764 lilisombwa na mafuriko ya Desemba 2015, na siku chache kabla ya mwaka kwisha sehemu ya daraja la mawe la Tadcaster nayo ikaanguka. La Tadcaster lilijengwa upya pale lilipobomoka, likafunguliwa Februari 2017. Chukua fito ndefu, ichome polepole kuzunguka nguzo yako, andika inazama kiasi gani kila upande. Ikizama sana upande mmoja, hiyo ndiyo habari ya kupeleka haraka, kabla hata ya mambo ya urithi.

Njia ya pili ni juu. Maji ya barabarani yanaingia kwenye kifusi, na fundi wa zamani alijua hivyo. Chokaa aliyojengea inapumua, inayaruhusu yatoke kwenye viungo taratibu. Ile michirizi myeupe na vijiti vya chokaa vinavyoning’inia chini ya tao ni maji hayo yakitoka, yakibeba chokaa kidogo kidogo. Dawa ni kuzibua mitaro na kuzuia maji yasiingie. Sisi hatufanyi hivyo. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, tunachanganya saruji, tunaziba. Sijui methali nyingine iliyoua madaraja mengi ya mawe kama hii. Saruji ni ngumu kuliko jiwe laini na haipitishi maji. Yakikosa njia kwenye kiungo, yanapita kwenye jiwe, na jiwe linaanza kumenyuka.

Nalijua hili kwa aibu. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii niliidhinisha daraja moja lijazwe viungo kwa saruji, na siku ya kukabidhi lilipendeza sana. Niliporudi baada ya miaka michache viungo vilikuwa vimesimama kama mbavu za ng’ombe aliyekonda, na mawe katikati yake yamerudi ndani kiasi cha kidole. Alama za tindo hazikuwepo tena kwenye nusu ya tao. Saini kwenye karatasi ile ni yangu.

Kwa hiyo ukishinda hoja ya kubomoa, bado hujashinda. Uliza watatengeneza kwa nini. Ukisikia saruji, zege la kupuliza chini ya tao, au “tutajenga la zege na kulivika mawe yaleyale usoni”, simama tena. Daraja la zege lililovikwa mawe ni la zege. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, makubaliano ya kimataifa kuhusu kuhifadhi majengo ya kale ambayo wataalamu wa uhifadhi wengi bado wanayaegemea, unasema urejeshaji ukome pale kukisia kunapoanza, na kwamba vipande vipya vipatane na vya zamani lakini viweze kutambulika. Mkataba huohuo unasema jengo la urithi halitenganishwi na mahali lilipo, isipokuwa kulihamisha ndiyo njia ya kuliokoa, au pakiwa na maslahi makubwa sana ya taifa au ya kimataifa. Ule wa Burra, uliopitishwa Australia mwaka 1979, una kanuni ninayoipenda kuliko zote: badilisha kadiri inavyolazimu, na kidogo kadiri inavyowezekana.

Pengine utatajiwa Mostar, mji wa Bosnia. Daraja lake la mwaka 1566 liliangushwa kwa mizinga tarehe 9 Novemba 1993, likajengwa upya, likafunguliwa Julai 2004, na mwaka uliofuata UNESCO ikaliandika pamoja na mji wake wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwa nini basi lako lisibomolewe na kujengwa tena? Kwa sababu lile lilivunjwa na vita, na kilichothaminiwa zaidi ni watu kulirudisha. Hakuna anayeheshimika kwa kubomoa kwa hiari kitu kilichosimama.

Mfano ulio karibu zaidi na shida yako uko Great Musgrave, kijiji cha kaskazini mwa Uingereza. Pale pana daraja la mawe la mwaka 1862 linalopitisha barabara ndogo juu ya njia ya reli iliyokwisha kufungwa. Mwaka 2021 waliokuwa na dhamana nalo waliogopa uzito wa magari, wakalijaza changarawe na zege chini ya tao lote. Watu wakalalamika, mamlaka ya mipango ya eneo ikakataa kuidhinisha kazi ile baada ya kufanyika, na mwaka 2023 kijazo chote kikatolewa. Halikuwa daraja la mfalme. Lilikuwa zima, la watu, na lenye kazi.

Unapoandika hoja yako, usianze na uzuri. Uzuri kila mtu ana wake. Usidai pia kwamba ni la kwanza au la zamani kuliko yote, kwa sababu siku mtu akipata la zamani zaidi umeishiwa. Anza na kile ulichokipima: matundu ya kiunzi, mstari wa upanuzi, aina za mawe, alama za kamba au magurudumu kwenye kingo. Kisha tembea barabara nzima. Daraja peke yake ni kitu kimoja. Daraja pamoja na machimbo yalikotoka mawe yake, tanuru la chokaa, kinu, na madaraja mengine mawili ya fundi huyohuyo ni jambo jingine kabisa. Ongea na wazee, lakini waulize mambo yanayopimika: maji ya mafuriko makubwa yalifika jiwe lipi? Kabla ya lami palikuwa na nini juu? Majibu yao yanaweza kumsaidia hata mhandisi.

Halafu wape njia. Daraja jipya linaweza kujengwa kando, hatua kadhaa juu au chini kwenye mto huohuo, na hili likabaki kwa waendao kwa miguu, baiskeli na magari madogo. Sipendi lifungwe kabisa. Daraja lisilopitwa na mtu halizibuliwi mitaro, miti huota kwenye kingo, na baada ya miaka kadhaa wanakuja kukuambia “unaona, limekufa”. Kikomo cha uzito na kupishana gari moja moja ni usumbufu wa dakika moja, na barabara nyembamba hupunguza mwendo bila tuta.

Nisikudanganye, yapo ambayo ningeyaachia. Nguzo zikiwa zimechimbwa kabisa na mawe yameoza, au ukigundua kwamba tao lote lilijengwa upya kwa saruji juzijuzi na kilichobaki cha zamani ni umbo, sitakuambia ujilaze mbele ya tingatinga. Hapo ningedai jambo moja: lichorwe kwa vipimo, lipigwe picha, na wakati wa kulibomoa awepo mtu anayeandika kinachotoka ndani, kwa sababu hiyo ndiyo siku pekee ndani yake pataonekana.

Lakini hatujafika huko, maana hatujui bado ule uzi ni nini. Nitumie picha tatu zake: karibu na nguzo, katikati ya tao, na karibu na nguzo ya pili. Tochi iwe imelazwa, na weka rula au penseli kando ya jiwe nijue ukubwa. Pima pia umbali wa mstari huo kutoka ukingo wa tao, pande zote mbili.